Chupa ya Asali ya Kahawa Niliyoificha Stoo

Skola mwanangu,

Siwezi kuanza kwa kukuuliza hali, maana nakusikia. Uko jikoni na mama yako, mnafunga dagaa wa usipa kwenye mfuko na kucheka jambo ambalo mimi huku stoo sikulipata vizuri. Ni saa tisa alasiri. Basi lako linaondoka Mbinga kesho saa kumi na mbili asubuhi. Zimebaki saa kumi na tano, na ndani ya hizo lazima nikuambie jambo ambalo limenishinda kwa miaka kumi na tatu.

Naogopa. Nimeliweka neno hilo mapema ili usilitafute katikati ya mistari. Nimeogopa tangu siku ulipoleta ile karatasi ya kuchaguliwa chuo cha ufugaji nyuki, na mama yako akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Mimi nilisema, "Hongera," nikatoka kwenda kuangalia mbuzi. Ulidhani sikufurahi. Nilikwenda kusimama nyuma ya banda ili usiuone uso wangu.

Mambo ya sanduku, ya nauli, ya kupiga simu ukifika, ameshakuambia mama yako na atayarudia. Mimi nina asali tu ya kuzungumza.

Mbele yangu kuna chupa moja. Hujawahi kuiona. Imekaa miaka yote hiyo nyuma ya magunia ya kahawa, kwenye ile kona niliyokuwa nikikuambia ina panya. Asali yake imeganda yote, imekuwa kama samli, na kwenye karatasi niliyobandika kuna maneno ya mkono wangu: Asali ya kahawa, ua moja. Kila chupa niliyouza ilikuwa na karatasi ya namna hii. Hii moja sikuweza kuiuza, wala kuila, wala kuimwaga.

Asali ya kahawa unaijua kwa ulimi, lakini sikuwahi kukueleza inavyopatikana, na bila maelezo hayo hutaelewa kosa langu. Kahawa yetu haichanui kidogo kidogo. Mvua ya kwanza ikishapita, unaamka asubuhi moja unakuta mlima mzima umekuwa mweupe, na kabla wiki haijaisha maua yameshakuwa ya kahawia. Nyuki wana siku hizo tu. Ukiwawekea masega matupu kabla ua la kwanza halijafunguka, ukasubiri wayajaze na kuyafunika kwa nta, kisha ukayatoa kabla hawajahamia mikaratusi ya kule bondeni, unapata asali ya ua moja. Ukichelewa hata siku mbili, unapata asali nzuri tu, lakini imeshachanganyika: imekolea rangi na inakwaruza koo. Ukiwahi mno, kabla ya nta kufunika, ina maji na itachachuka kabla ya Krismasi.

Ile yenyewe ina rangi ya chai isiyokolea. Inaganda mapema, na punje zake ni laini, huzihisi mdomoni. Mtu akiionja mara ya kwanza anatafuta ladha ya kahawa na haioni. Yule mama mwenye duka la vyakula Mbinga mjini, mteja wangu wa kwanza, aliilamba kwenye kidole akafumba macho. "Baba Skola," akasema, "hii haina kahawa hata kidogo. Hii inanukia harusi."

Nilivimba kichwa. Nilikuwa mtu wa kidato cha nne aliyerudi shambani, na hatimaye nimepata kitu ambacho kalamu yangu inasaidia. Niliandika kwenye daftari langu la kila siku tarehe ya ua la kwanza, tarehe ya nyuki wa kwanza, upande wanakotoka, siku ya nta. Sikuipitisha kwenye moto hata mara moja. Niliichuja kwa kitambaa, nikaiacha itulie kwenye ndoo, povu na vipande vya nta vikapanda juu nikavitoa. Basi.

Tuliitumia kwa kila kitu. Wewe hukuonja mpaka ulipotimiza mwaka, kwa sababu muuguzi wa kliniki alisema asali si ya mtoto mchanga. Bibi yako alipokuja kutoka Ngumbo, kule ziwani, kukuona, alikuwa ameshachovya kidole kwenye bakuli ili akupake ulimini kama alivyowapaka watoto wake wote, na mimi nikasimama katikati yake na kitanda. "Mkwe wangu unanikataza mjukuu?" akaniuliza. Nikamwambia, "Shikamoo mama, lakini hapana." Nilikuwa mwangalifu kiasi hicho. Baadaye ulikula kwenye uji kila asubuhi. Wakati wa kipupwe tuliichanganya na ndimu na tangawizi kwa ajili ya kikohozi chako. Midomo yako ikipasuka kwa baridi tulikupaka kabla ya kulala, na ukailamba yote kabla taa haijazimwa. Mama yako alipoungua mkono kwa maharage, niliuweka kwenye maji baridi, kisha nikaupaka asali, nikaufunga kitambaa safi. Ulipona bila kovu. Hayo yote yamo kwenye daftari. Ukurasa baada ya ukurasa nilianza kuamini kwamba hakuna kinachoishinda asali ile.

Mzee Kolumba, jirani yetu, ndiye aliyenipa jina la Karani kwa sababu ya hilo daftari. Alikuwa akipita na pikipiki yake anapaza sauti, "Karani! Siku ukifa hatukuziki, tunakupaka asali kwanza tuone kama utaamka!"

Sasa nafika kwenye siku yenyewe. Nimeweka kalamu chini mara mbili.

Ulikuwa na miaka mitano. Bibi yako alikuwa amefariki, mama yako akateremka Ngumbo kuzika. Wakati anapanda gari alinishika mkono akasema, "Baba Skola, mtoto huyu usimsogeze kwenye mizinga yako. Umenisikia?" Nikasema nimesikia.

Ilikuwa Jumatano, siku ya kumi na mbili tangu ua la kwanza. Hapa kwetu mzinga haufunguliwi mchana. Unasubiri jua lizame, nyuki wapoe, uwashe moshi taratibu. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Lakini saa nane mchana niliona nyuki wanarudi kutoka upande wa bondeni, na nilipotazama kwa makini nikaona mikaratusi imeanza kuchanua. Halafu mawingu yakajikusanya upande wa ziwa. Nikapiga hesabu: mvua ikinyesha jioni sitafungua, kesho asali itakuwa ya mchanganyiko, na karatasi zangu za ua moja nimeshaziandika. Nimeshaziandika, Skola. Zilikuwa zimekaa mezani zinakauka.

Nilikuketisha kwenye kigoda mlangoni, nikakupa gunzi la mahindi uchezee. Nikakuambia usitoke hapo. Hatua thelathini kutoka kwenye mzinga. Nilizipima baadaye, zilikuwa kumi na saba.

Moshi ulikuwa hafifu. Nyuki walitoka kama mtu amemwaga mahindi. Mimi nilikuwa nimevaa mavazi ya kinga. Wewe ulikuwa na gauni la njano. Nilipogeuka ulikuwa unakuja mbio kwangu badala ya kukimbilia ndani, kwa sababu mtoto akiogopa humkimbilia baba yake.

Nilitoa miiba saba. Nyuki saba si wengi. Nimeshaumwa na arobaini kwa siku moja nikaenda kula ugali. Kwa hiyo sikuogopa, na hapa ndipo penye kosa kubwa kuliko yote: nilikupeleka ndani nikakupaka asali. Nilichovya kwenye ndoo iliyotoka kujazwa, ile iliyotoa chupa hii iliyo mbele yangu, nikakupaka shingoni, usoni, mikononi, nikakuimbia. Uliacha kulia, nikadhani imefanya kazi. Kumbe uliacha kulia kwa sababu pumzi ilikuwa haitoshi. Midomo ilivimba. Macho yakafunga. Ngozi ikatoa mabaka kama ramani. Na mimi nikaongeza asali.

Kolumba alisikia nyuki akaja kuona kulikoni. Alisimama mlangoni akatazama mara moja tu.

"Karani, unampaka mtoto kama mkate? Mlete huku!"

"Ngoja kidogo, itatulia."

"Atatulia yeye! Mlete, nakwambia!"

Alikunyakua kutoka mikononi mwangu. Tulipanda pikipiki wewe ukiwa katikati, unateleza kwa asali, nimekushika kwa nguvu zote na bado unateleza. Kifua chako kilikuwa kinatoa sauti kama mluzi, halafu karibu na daraja mluzi ukakoma. Sijui kulikuwa na umbali gani kutoka pale darajani mpaka kituo cha afya. Kila nikipita naona ni karibu. Siku ile hapakuwa karibu.

Tabibu alikuchoma sindano kabla hajaniuliza jina lako. Kisha nyingine. Nilimwona anahesabu kwa midomo. Uliporudisha pumzi ulilia kwa hasira, na yeye ndipo akakaa.

"Ni nini hiki amepakwa?" akauliza.

"Asali."

"Nyuki wamemuuma, na wewe ukampaka asali?"

"Ni asali ya ua moja," nikasema. Mungu anisamehe, ndivyo nilivyojibu.

Aliniambia mambo mawili. La kwanza, kuna miili isiyovumilia sumu ya nyuki, na wako ni mmojawapo. La pili, nyuki wakikuuma tena huenda ikawa mbaya kuliko siku ile. Niliyaandika usiku ule kwenye daftari, neno kwa neno. Ndio ukurasa uliokunjwa ndani ya bahasha hii.

Mama yako alirudi Jumamosi. Uvimbe ulikuwa umeisha, zimebaki alama ndogo kama za mbu. Aliuliza, "Amefanyaje mtoto?" Nikasema, "Malaria. Ilimpanda kidogo, Kolumba akatusaidia na pikipiki." Alinishukuru. Alikuwa anatoka kumzika mama yake, macho yamevimba, na alinishukuru kwa kukutunza. Nilidhani nitamweleza baada ya wiki moja. Kila wiki iliyopita iliifanya inayofuata iwe ngumu zaidi.

Nawe ukaichukua hadithi hiyo. Unapenda kuisimulia: siku nilipougua malaria nikapanda pikipiki na Mzee Kolumba, tukanunua soda ya chungwa. Soda ni kweli. Nilikununulia wakati wa kurudi, na sikuweza kufungua kizibo kwa jinsi mikono ilivyonata.

Kolumba hajasema neno. Lakini kila mwaka maua yakitoka ananiuliza, "Umeshamwambia?" Nikisema bado, anatikisa kichwa: "Karani, siri hiyo inakua pamoja na mtoto. Itakuja kukushinda kimo."

Yaliyofuata unayajua, ila hukujua sababu. Nilitakiwa kukuweka mbali na mizinga bila kusema kwa nini, nikatafuta maneno ya kukukatisha tamaa. Nilisema nyuki hawapendi jasho lako. Nilisema una mikono mizito, utaponda malkia. Ukiwa na miaka kumi na mmoja ulishona kofia ya kinga kutoka kwenye chandarua kuukuu, ukaja nayo shambani umeivaa, unajivuna, na wavunaji wote wanatazama. Nilikuvua nikaichana mbele yao. Hukulia. Ulisema, "Baba, nitafuga nyuki nikiwa kwangu." Nilisikia hofu, nikaionyesha kama hasira. Kwa mzazi mwoga hizo mbili hukaa karibu sana, na mtoto huona moja tu.

Nimelifikiria hilo wiki nzima. Kama ningekuambia ukweli ukiwa na miaka saba, labda leo ungekuwa unakwenda kusomea ualimu, au hata nyuki hao hao, lakini ukijua. Mimi ndiye niliyekufundisha kutaka kunishinda mahali pale pale penye hatari. Nilifunga mlango mmoja kwa uongo, na wewe, kwa kuwa una akili na una kichwa kigumu kama cha kwangu, ukatafuta njia ya kuingia.

Juzi tukiwa tunakula ulimwambia mama yako kwa furaha, "Nyuki hawajawahi kuniuma maisha yangu yote. Wananijua." Kijiko kilinianguka. Mlicheka.

Nimesoma fomu ya chuo mara nyingi kuliko wewe. Mafunzo ya vitendo yanaanza wiki ya kwanza. Wiki ya kwanza, Skola. Kila nikifumba macho naona gauni la njano, ila sasa limevaliwa na mtu mzima, na wanaomzunguka ni wanafunzi wageni wasiojua, na hakuna Kolumba.

Jumatatu niliposema nakwenda Mbinga kuuliza bei ya mbolea, nilikwenda hospitali. Nilimweleza daktari kila kitu, na baada ya Kolumba, tabibu na yeye, wewe ni wa nne kujua. Nilitaka aniambie kwamba ukubwa umekuponya, au aniambie huwezi kwenda kabisa. Hakuniambia lolote kati ya hayo. Alisema miili hubadilika, wengine hupoa na wengine huzidi, na hakuna anayeweza kujua kwa kukisia. Alisema unahitaji kuonwa, kupimwa na wataalamu, na kwamba wapo watu wa namna yako wanaofanya kazi na nyuki baada ya matibabu, wakiwa na sindano yao mfukoni na wenzao wanajua kuitumia. Na wapo wasioruhusiwa kabisa. Nilimuuliza, "Binti yangu ni yupi?" Akasema, "Mlete, mzee. Siwezi kumpima kupitia wewe."

Daktari anapatikana kuanzia saa mbili asubuhi. Basi lako ni saa kumi na mbili.

Ndicho ninachokuomba: basi la kesho liondoke bila wewe. Lingine lipo Ijumaa, na chuo hakifungui mpaka Jumatatu. Twende wote kwa daktari, au uende na mama yako kama hutaki kuniona. Akikuandikia barua kwa wataalamu wa hospitali kubwa, uende huko kwanza. Na mkuu wa chuo ajue kabla hujasogelea mzinga wowote.

Kuna kitu kimoja nakiogopa kuliko vyote kwa sababu nakujua. Ukimaliza kusoma, utakasirika, na ukikasirika hupenda kuhakikisha. Tafadhali usiende nyuma ya nyumba ukamshika nyuki mmoja ili uone. Nakuomba kwa magoti. Hasira yote nipe mimi, nitaibeba.

Sitakuambia usisome ufugaji nyuki. Nimekunyima mambo mengi kwa uongo, sitaki la mwisho nikunyime kwa ukweli. Baada ya daktari, uamuzi ni wako, na kama utakwenda nitapanda nawe basi mpaka huko, nikae kimya njia nzima ukitaka.

Mama yako hajui. Atajua leo, kabla ya chakula, kwa mdomo wangu. Usimwambie wewe, huo si mzigo wako.

Kwanza nilipanga kuifunga barua hii pamoja na chupa ya asali chini ya nguo zako, uikute ukishafika. Nimeandika mpaka hapa ndipo nikaona ni hesabu ile ile ya mikaratusi: kutafuta namna ya kupata kitu bila kusubiri na bila kuonekana. Kwa hiyo nitakuita sasa hivi. Nitakupa barua mkononi, na nitakaa kwenye kigoda mpaka umalize. Bomba langu la moshi, lile la kutulizia nyuki, liko hapa mezani pembeni ya chupa. Ni lako. Nililitoa kutu jana. Usiliwashe bado.

Usipa nadhani mmemaliza kuufunga, maana kicheko kimekoma na nasikia ndala zako uani. Nina dakika moja ya kuandika lile ambalo nilipaswa kukuambia siku ile ya chandarua.

Mikono yako haikuwa mizito hata siku moja.

Baba yako